Aliita Mara Mbili

Mimi si mtu wa kuona mambo. Ningekuwa na jicho la kuona yasiyoonekana, ningeanza kwa kuona tabia za mume wangu wa kwanza kabla sijakubali posa. Kwa hivyo haya nitakayokueleza yapokee hivyo hivyo yalivyo. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, sijalala wala sina homa. Shahidi ninaye, yu hai, anakaa Diani, na ukimuuliza atakwambia yale yale kwa Kiswahili chake cha hotelini.

Kazi yangu ni kutembeza wageni msituni. Kwetu ni juu huko, upande wa Mkongani, kijiji kilichopakana na msitu wa vilima. Miaka michache iliyopita wanakijiji tuliungana, tukafyeka njia za kutembelea, tukatia alama za rangi ya manjano kwenye miti ili mgeni asipotee. Iko njia fupi ya wavivu, na iko ndefu inayoshuka hadi kwenye maporomoko ya maji. Wageni huja na magari kutoka pwani, wanatembea, wanalowa jasho, wanapiga picha, wanarudi zao kuoga bahari. Ni kazi ya halali na mimi naipenda.

Sasa nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutanielewa. Kabla ya rangi za manjano, watu wa kwetu walikuwa na alama yao. Mkiwa safari moja na wengine wako nyuma, ukifika njia panda unavunja tawi bichi, unalilaza kwenye ile njia ambayo hukupita. Anayekuja nyuma akiliona anajua hapa pamefungwa, wenzangu wamepita kule. Haikuhitaji kusoma wala kuandika, na rangi yake hainunuliwi. Lakini mwenyekiti wetu wa njia alisema matawi ni takataka na wageni watajikwaa, kila tawi liondolewe. Tukaondoa.

Ila palikuwa na mahali pamoja, njia panda yenye mvule mkubwa, ambapo matawi hayakwisha. Unaliondoa leo, baada ya siku kadhaa unakuta jingine, bichi, utomvu bado unachuruzika. Tulisema ni wakata kuni. Na tulipoona wakata kuni hawapiti kule, tulisema ni watoto. Kila mtu alikuwa na mtu wa kumsingizia.

Bi Marita ndiye huyo shahidi wangu. Ni mama mtu mzima, mzungu wa nchi ya baridi, na kila mwaka kwao kukianza kuganda yeye hukimbilia Diani. Safari hiyo alikuwa amepitiliza, miezi yetu ya baridi ilimkuta bado yuko, kwa sababu alisema magoti yake hayataki tena kurudi. Siku ya kwanza aliposhuka garini na fimbo mbili, moja kila mkono, akaanza kutembea nazo kama mtu anayepalilia hewa, nilijifanya nakohoa ili nisicheke mbele yake. Lakini nakwambia, kwenye kilima aliniacha nyuma.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kwao misitu ya milimani hufunikwa na theluji nusu ya mwaka. Watu hufunga mbao nyembamba ndefu miguuni, wakashika fimbo kama zile zake, wakateleza ndani ya msitu kutoka asubuhi hadi jioni. Mahali theluji ni laini mno huvaa vitu vipana chini ya viatu, kama nyungo, ili wasizame. Nyungo miguuni! Nilipompelekea bibi yangu habari hiyo alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la leso. Na njia zao, alisema Bi Marita, zimefyekwa na kutiwa alama kama hizi zetu. Nikamuuliza theluji inafanana na nini. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka bondeni, akaunyooshea fimbo.

"Kama hii," akasema, "lakini imelala chini."

Bibi yangu ndiye aliyenilea. Anajulikana kijiji kizima kwa jina la Bi Mwanamisi, na wakati huo umri wake ulikuwa umekaribia tisini, macho mazuri, masikio mazuri zaidi, na ulimi usioomba ruhusa. Alikuwa na amri mbili kuhusu msitu na alizitia kichwani mwangu tangu sijaota meno ya pili. Ya kwanza, mtu haitwi kwa jina lake msituni, gonga mti au piga mbinja, kwa sababu ukitaja jina huenda akaitika mwingine. Ya pili, wewe ukiitwa, usiitike mara ya kwanza wala ya pili. Asiye mtu huita mara moja, akizidi sana mara mbili. Mtu wa kweli ataita ya tatu. Itikia hiyo. Amri ya pili alikuwa akiisema huku ameangalia pembeni, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Siku yenyewe tulikuwa wawili tu, mimi na Bi Marita, tumechukua njia ndefu ya maporomoko. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Tulifika kwenye mvule baada ya adhuhuri, tukapumzika kidogo, akavua miwani akafuta jasho. Tuliposimama nikaliona tawi, limelazwa kwenye njia yetu, ile ile yenye alama ya manjano.

"Dada," akaniambia, "hii si imefungwa?"

Nikamjibu kwa ujuaji wangu wote. "Alama ni rangi, Bi Marita. Hilo ni la wakata kuni."

Nikalipiga teke likaenda kando. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo, na laiti guu langu lingevunjika pale pale. Bi Marita alilitazama lile tawi, hakuridhika, lakini mgeni ni mgeni, akanifuata.

Hatukwenda mbali, ukungu ukapanda. Sijapata kuuona ukungu namna ile. Ulitujia kwa chini, ukameza miguu, ukameza vichaka, na ndipo Bi Marita akashika uso wake akasema miwani yake ameisahau kwenye mvule. Bila miwani, na katika ukungu ule, yule mama haoni zaidi ya urefu wa fimbo yake. Nikamwambia akae juu ya gogo, asiondoke, narudi sasa hivi.

Najua unachofikiri. Kiongozi haachi mgeni. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi yetu na mimi nimewafundisha wengine. Lakini ilikuwa hatua mia mbili tu, na nilijiona mwenye msitu.

Miwani niliiona pale pale kwenye mzizi. Niliporudi kwenye gogo, Bi Marita hakuwepo.

Nikasimama. Nikasikia miti ikivunjika upande wa juu, polepole, kama mtu anayevunja kuni bila haraka. Ndovu. Nikaelewa kwamba naye aliwasikia, akaogopa, akaondoka. Ameondoka kwenda wapi, haoni? Nikamfikiria mwanawe, ambaye alikuwa akimpigia simu kila Jumapili, nikajiuliza nitamwambia nini. Nilimwacha mama yako kwa sababu ya miwani?

Nikasahau amri ya bibi, nikaita, "Bi Marita! Bi Marita!" Ukungu ulizima sauti yangu. Nikaita tena, nikawa natembea na kuita na kulia kwa pamoja, na sioni haya kukwambia kwamba nililia.

Ndipo nikamwona msichana. Alikuwa mbele yangu njiani, hatua kumi hivi, ameinama analaza tawi. Mkono wa kushoto alikuwa amekumbatia mengine, mabichi, mzigo mzima. Ungemkadiria umri wa miaka kumi na saba, kumi na minane. Amejifunga kaniki nyeusi kifuani na miguu mitupu. Nani huvaa kaniki siku hizi? Nikadhani ni mteja wa mganga, katumwa dawa.

Akainuka, akanipa heshima yangu. "Shikamoo."

"Marahaba," nikajibu, maana ulimi umezoea. "Mwanangu, hujamwona mama wa kizungu, mzee, ana fimbo mbili?"

"Nimemfungia njia," akasema. "Amekaa. Kule mbele ardhi imekwenda."

Alisema kwa upole kabisa, kama anayekuelekeza dukani. Nami nilikuwa nimeshaanza kumpita nilipoona kitu ambacho nilikielewa baadaye. Mimi nililowa chepechepe, leso yangu imenigandama mwilini. Kaniki yake ilikuwa kavu. Matawi yake, mabichi vile, hayakuwa na tone la maji.

"Na wewe," akaniuliza, "hujamwona mdogo wangu? Anaitwa Kidawa. Ni mdogo hivi." Akaonyesha kiunoni kwake. "Nilisahau kulaza tawi, akapita njia siyo. Nimemwita mara mbili, hakuitika. Nikadhani hayuko upande ule."

Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. Nilimhurumia, wallahi, lakini nilikuwa na wangu wa kumtafuta.

"Sijamwona," nikamwambia.

Hilo ndilo neno nililomjibu. Sijamwona. Ningelijua, ningeliuma ulimi wangu ukatoka damu.

Nikakimbia. Nyuma ya kona ya njia nilimkuta Bi Marita ameketi chini, fimbo zimelala mapajani, na mbele yake njiani kumelazwa matawi matatu yamekingamana. Nikamkumbatia, nikamvisha miwani. Hatua tano kupita yale matawi, njia yetu ya manjano haikuwepo. Mvua ilikuwa imeubomoa ukingo wote ukaanguka korongoni, na alama ya rangi ilikuwa ikionekana bado kwenye mti uliolala chini kabisa, mizizi juu.

"Nilitaka kupita," akasema. "Fimbo ikagusa matawi. Kwetu pia, kwenye theluji, matawi kama msalaba maana yake njia imekufa. Mtu hapiti. Basi nikakaa."

Umeona? Mgeni aliyetoka kwenye theluji alilisoma tawi la kwetu, na mimi niliyezaliwa humo nikalipiga teke. Tuligeuka kurudi ili nimshukuru yule msichana. Tawi alilokuwa akililaza lilikuwa pale. Yeye hakuwepo, na kwenye tope lile jekundu palikuwa na nyayo za viatu vyangu tu, za kwenda na za kurudi.

Jioni hiyo nilimkuta bibi barazani anasuka ukili. Nilimsimulia yote kuanzia teke, nikingoja matusi yangu. Alinisikiliza huku vidole vinakwenda. Nilipofika kwenye kaniki vidole vilipunguza mwendo. Nikamwambia, "Naye alikuwa akimtafuta mdogo wake. Eti Kidawa."

Ukili ukamponyoka.

"Nani kakutajia jina hilo?"

Nikamwambia ni yule msichana. Bibi akauokota ukili, akauweka kando. Kisha akaniambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, "Kidawa ni mimi. Ni jina la utotoni. Hakuna aliye hai anayelijua."

Nikakaa chini. Na hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu, hata babu aliyelala naye kitanda kimoja mpaka akafa.

Alikuwa mtoto wa miaka saba. Alikwenda msituni kukata ukindu na dada yake, Mwanatumu. Dada alitangulia, na kwenye mvule, kwa haraka zake, hakulaza tawi. Mtoto akashika njia siyo. Ukungu ukashuka. Akajificha chini ya kichaka, na kutoka pale alimsikia dada yake akimwita.

"Aliita mara mbili," bibi akasema. "Nami nilikuwa nimefundishwa. Nikangoja ya tatu."

Ya tatu haikuja. Asubuhi yake mtoto aliibuka upande wa pili wa msitu, watu wakamrudisha nyumbani mzima. Mwanatumu alikuwa amerudi ndani kumtafuta na hakuonekana tena, wala nguo wala mfupa.

"Maisha yangu yote," akasema, "najiuliza, kwani ningeitika ningekosa nini?"

Sasa umeelewa kwa nini aliangalia pembeni? Mimi nilielewa. Nikamwambia maneno ya dada yake kama nilivyoyasikia, kwamba alimwita mara mbili, akadhani hayuko upande ule. Bibi alilia kama mtoto wa miaka saba. Nilimshika. Halafu, kwa kuwa bibi ni bibi, akajifuta pua akaniuliza, "Nawe, mke mwenzangu, dada yangu alikupa shikamoo ukamwitikia marahaba? Huna adabu."

Akataka apelekwe. Nilimkatalia siku tatu nzima, nikataja magoti, nikataja ndovu, nikataja presha. Akasema ikiwa sitampeleka atakwenda kwa makalio. Nikampigia simu Bi Marita kumweleza, nikidhani atanisaidia kumkataza. Alikuja kesho yake, akashuka garini, akampa bibi fimbo zake mbili akamwonyesha namna ya kuzishika.

Ungemwona. Ajuza wa miaka tisini, leso mbili, ndala, na fimbo za theluji mikononi, anapanda kilima hatua kwa hatua, Bi Marita nyuma yake kamshika kiuno, mimi mbele naondoa miiba. Tulipumzika mara nyingi. Kwenye mvule tukamketisha kwenye mzizi. Ilikuwa alasiri na ukungu ulikuwa mwepesi tu, juu juu. Mimi nilisimama nikaiambia miti, "Shikamoo, bibi." Nilijiona mjinga, lakini deni la adabu ni lazima lilipwe.

Tukangoja. Ndege wakaimba, wakanyamaza. Nilikuwa naanza kufikiria njia ya kurudi wakati sauti ilipotoka upande wa korongo, mbali, nyembamba, ya msichana.

"Kidawa!"

Bi Marita alinishika mkono akanifinya hadi kucha zikaingia. Naye aliisikia, usidhani ni masikio yangu. Mimi mwenyewe kwa mafunzo yangu nilitaka kumziba bibi kinywa. Nilikuwa nimenyoosha mkono. Hakuningoja, wala hakungoja ya pili.

"Abee, dada," akaitika. Sauti ilimtoka safi, haina uzee. "Niko hapa. Nilifika nyumbani. Na wewe nenda, pumzika."

Ukungu ulipanda ukatoka kwenye mvule, kama unavyotoka kila siku, na jua likatuangukia miguuni. Bibi akakaa kidogo, akasema, "Haya, twendeni, nina njaa." Usiku huo alikula wali wa nazi na samaki, akaomba aongezwe. Mgeni njoo mwenyeji apone, hata mgeni wa kwenye theluji.

Alifariki kabla ya mwezi kwisha, usingizini. Kijijini wanasema ni kwa sababu aliitika mwito wa kwanza. Nimewaacha waseme. Mimi ndiye niliyemuosha, na uso nilioukuta haukuwa wa mtu aliyechukuliwa kwa nguvu.

Tangu siku ile hakuna tawi lililoonekana kwenye mvule. Nalaza mimi. Mwenyekiti alinifokea mara moja, nikampeleka nikamwonyesha ukingo ulioanguka na rangi yake ya manjano iko chini, hakurudia. Bi Marita akija tunapita naye pamoja, na yeye ndiye huchagua tawi.

Basi nawe uliyenisikiliza, chukua langu. Ukikuta tawi bichi limelazwa njiani, usilipige teke kwa kuwa una ramani kwenye simu. Hujui nani kalilaza wala machozi aliyolilazia. Na ikiwa siku moja utampoteza mtu wako kwenye ukungu, ukamwita mara moja, ukamwita mara ya pili, akawa kimya, usiondoke. Ita ya tatu. Huenda yuko hapo chini ya kichaka, mtiifu, anaihesabu.